Jiko la Mkaa Katika Usiku wa Theluji



Juma lililopita, baada ya swala ya Alasiri, mmoja wa wazee wa msikiti wetu hapa Tanga alinisubiri barazani. Mwanawe wa pili amepata kazi katika mji wa Houston, jimbo la Texas, nchini Marekani, naye alitaka kamati imwandikie barua ya kumtambulisha kwa Waislamu wa huko. Nilipokuwa nikiandika, mzee akavuta kiti na kusema kwa furaha: "Afadhali amepangiwa huko, Ustadh. Nimeambiwa Houston ni joto tu kama hapa kwetu. Angepelekwa kwenye theluji nisingelala."

Nikaweka kalamu chini. Mazungumzo yetu yalikwenda mpaka karibu na adhana ya Magharibi, na nimeona niyalete katika ukurasa huu, kwa kuwa familia zenye watoto ughaibuni ni nyingi, na zenye watoto katika shule za nyanda za juu ni nyingi zaidi.

Mzee hakuambiwa uongo. Houston haiko mbali na Ghuba ya Mexico, na katika miezi ya kiangazi joto lake lenye unyevunyevu linaweza kumfanya mtu wa pwani ajione yuko nyumbani. Ila hofu yake aliielekeza pasipo mahali pake. Anayehamia Kanada au Minnesota anakwenda pahala ambapo ukuta wa nyumba, bomba la maji, gari la manispaa na jirani wa mlango wa pili vyote vinaijua baridi. Miezi sita kabla ya theluji watu wanajua kuwa theluji inakuja. Baridi yenye kuua zaidi mara nyingi si ile iliyo kali kupita zote. Ni ile inayowafikia watu ambao hawakuiwekea chochote.

Hayo yalitokea Texas mwezi wa Februari 2021. Rajabu ya mwaka 1442 ilikuwa ndiyo kwanza imeandama. Hewa ya ncha ya kaskazini ya dunia ilishuka kusini na kulifunika jimbo zima, jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo, kwani Texas ni kubwa kuliko Ufaransa na kwa desturi baridi ikishika upande mmoja upande mwingine huwa salama. Huko Dallas joto lilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Houston, mji unaofananishwa na Tanga, ilishuka hadi nyuzi 10 na ushei chini ya sifuri. Ishara ya kwanza ilionekana Fort Worth, alfajiri ya Alhamisi tarehe 11, pale utando mwembamba wa barafu ulipotanda barabarani bila kuonekana, na magari zaidi ya 130 yakagongana mfululizo. Watu sita walifariki. Madereva wale hawakuwa wazembe kuliko wa kwingine. Barabara yao tu haikuwahi kuwafundisha jambo hilo.

Kisha ukaja umeme. Sisi Watanzania neno "mgao" tunalijua vyema, kwa hiyo sina haja ya kulifafanua. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15, nyumba zote zilikuwa zimewasha vipasha joto kwa wakati mmoja, na zaidi ya nusu ya nyumba za Texas hupashwa joto kwa umeme. Wakati huohuo mitambo ya kuzalisha umeme ikaanza kuzimika. Visima na mabomba ya gesi asilia viliganda, vifaa vya kupimia viliganda, baadhi ya mapangaboi ya upepo yalishikwa na barafu, na hata mtambo mmoja wa nyuklia ulizimika. Baadhi ya mashine za kusukuma gesi nazo zilikuwa zikitumia umeme, na zilipokatiwa umeme katika mgao, vituo vya umeme vikakosa gesi. Hivyo kimoja kikamwangusha mwenziwe.

Saa saba na nusu hivi usiku kwa saa za huko, wasimamizi wa gridi waliamuru umeme ukatwe. Mapigo ya umeme wao, ambayo yatakiwa yawe 60 kwa sekunde, yalikuwa yameshuka chini ya 59.4, na yakabaki hapo kwa dakika nne na sekunde 23. Yangebaki dakika tisa, mitambo mingine ingejizima yenyewe na jimbo zima lingeingia gizani kwa majuma mengi, pengine miezi. Huku kwetu ilikuwa yapata saa nne na dakika hamsini asubuhi ya Jumatatu, jua likiwaka, nami nikibishana na fundi kuhusu bei ya mabati ya choo cha madrasa.

Watu waliambiwa mgao utazunguka, kwamba kila mtaa utakaa gizani kwa muda mfupi tu. Haukuzunguka. Nyumba na majengo ya biashara zaidi ya milioni 4.5 yalikosa umeme, na wengine walikaa hivyo siku tatu au nne. Maji yaliyoganda hutanuka, na nyumba za Texas, ambazo zimejengwa zitoe joto nje na si kulihifadhi, nyingi mabomba yake hupita darini au kwenye kuta za nje bila kufunikwa. Mabomba yakapasuka kwa maelfu. Baadaye yalipoyeyuka, maji yakamwagika kutoka darini juu ya vitanda. Mamilioni ya watu wakaambiwa wachemshe maji ya kunywa, nao hawana umeme wa kuyachemshia.

Kilichoniudhi nilipoyasoma haya ni kwamba yalikwisha kusemwa. Februari 2011 Texas ilipigwa na baridi, umeme ukakatwa, tume ikachunguza, na ripoti ikapendekeza mitambo iandaliwe kwa ajili ya baridi. Lakini lilibaki pendekezo, na pendekezo lenye gharama hufunguliwa faili tu. Sehemu kubwa ya jimbo imejitenga na gridi za majimbo mengine ili isiwe chini ya kanuni za serikali ya shirikisho, kwa hiyo siku ya dhiki hapakuwa na jirani wa kuazima kwake umeme wa kutosha. Mji wa El Paso, ulioko magharibi kabisa mwa jimbo, umeunganishwa na gridi nyingine, na baada ya baridi ya 2011 kampuni yake iliwekeza katika mitambo inayostahimili. Wakazi wake wengi walilala na taa zao. Baada ya msiba huu wa 2021 ndipo sheria ilipopitishwa ya kulazimisha maandalizi.

Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Kati ya hivyo, 161 vilitokana na baridi yenyewe, vingine na ajali, moto, na maradhi yaliyozidishwa na kukosa umeme. Na vifo 19 vilitokana na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Kuhusu hivyo 19 ndiko ninakotaka kufika, na hapa hapana budi nijitaje mwenyewe.

Jumanne ya tarehe 16, baada ya swala ya Alfajiri, nilikuwa ofisini nikijumlisha hesabu za zaka ya fitri ya mwaka uliopita. Ujumbe wa sauti ukaingia katika simu yangu. Ulitoka kwa kijana tuliyemfundisha katika madrasa yetu, ambaye wakati huo alikuwa Houston na mkewe na watoto watatu. Alisema simu anaichaji ndani ya gari, hivyo atasema kwa kifupi. Maji bombani yamekatika, yaliyoko kwenye ndoo yana barafu juu. Je, waweza kutayamamu? Je, waweza kukusanya Magharibi na Isha? Mwisho, akicheka, akaongeza: "Usitie shaka, Ustadh. Tumeingiza jiko la kuchomea nyama sebuleni, tumetia mkaa, tumefunga kila kitu, tumekaa kama tuko kwa bibi Lushoto."

Nilifurahi. Niseme kweli: mwenye elimu kidogo hufurahi akiulizwa. Nikamjibu kwa ujumbe wa dakika nane. Nikamsimulia habari ya Amr bin al-As (r.a.), aliyepatwa na janaba katika usiku wa baridi kali akiwa katika msafara wa Dhatu Salaasil, akahofia kuangamia kwa kuoga, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Alipohojiwa na Mtume (s.a.w.) akatoa hoja ya aya inayokataza mtu kuiangamiza nafsi yake, naye Mtume akacheka wala asimlaumu, kama alivyopokea Abu Dawud. Nikamweleza kuwa sharti la kwanza ni kutafuta njia ya kuyapasha maji moto, na kwamba vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi vinamtaka aliyetayamamu kwa ajili ya baridi airudie swala yake baadaye. Nikaingia katika mas-ala ya kukusanya swala kwa sababu ya mvua, na kwamba theluji inayoyeyuka ina hukumu ya mvua, lakini hiyo ni kwa wanaokwenda msikitini kwa jamaa, si kwa aliyekaa nyumbani kwake. Nikamkumbusha kuwa katika usiku wa baridi na mvua muadhini wa Mtume (s.a.w.) akiwa safarini alikuwa akiamrishwa awatangazie watu waswali walipo. Na kuhusu jiko nikasema: "Alhamdulillah, jipasheni moto."

Dakika nane za theluji na mvua, na maneno matatu kuhusu lile ambalo lingewaua.

Mama yake hupita ofisini kwetu asubuhi akielekea sokoni Ngamiani. Siku ile alipopita, nikamwita ili nimfurahishe kwa sauti ya mwanawe. Akasikiliza akitabasamu. Ilipofika kwenye mkaa, kikapu kikamponyoka.

"Jiko liko wapi?" akauliza.

"Sebuleni, mama."

"Na madirisha yamefungwa. Ustadh, mpigie. Mpigie sasa hivi."

Mama huyu ni mzaliwa wa Lushoto. Alipokuwa binti mdogo, kaka yake na mke wa kaka yake walilala na jiko la mkaa chumbani katika mwezi wa Julai, wala hawakuamka. Nilikuwa namfahamu kwa miaka mingi na sikuwahi kulijua hilo.

Simu ya kwanza haikupokelewa, wala ya pili, wala ya tatu. Huko ilikuwa yapata saa nne kasorobo usiku. Mama alikuwa amesimama, mkono kifuani, akisema "Ya Latifu, ya Latifu". Simu ya nne ilipokewa na mkewe kijana, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa katikati ya ugonjwa. Alisema kichwa kinawauma wote. Mtoto mdogo ametapika, labda ni chakula cha kopo walichokula bila kukipasha moto. Mume amejilaza.

Mama akaninyang'anya simu. "Mwanangu, amka! Toa jiko nje! Fungua mlango, fungua madirisha, toka na watoto!"

"Mama, nje watoto wataganda."

"Wafunike watoke! Baridi nitakuja kukulaumu kwayo. Hiyo nyingine haina wa kulaumiwa."

Kijana aliposimama alianguka kwa magoti. Wakajikokota wote hadi kwenye korido ya nje. Jirani, mzee wa Kimeksiko ambaye hawakuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, akapiga simu ya dharura na kuwakumbatisha watoto mablanketi ndani ya gari lake lililokuwa uwanjani. Walipewa oksijeni hospitalini, na siku ya pili wakatoka. Alhamdulillah, watoto wote watatu leo wazima, na yule mdogo ameanza kuhifadhi Juzuu Amma.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini masikio yangu yaliyapita maneno yale. Nadhani ni kwa sababu nimekulia pwani na jiko la mkaa. Tunalipikia ndani wakati wa mvua, tunafukizia udi juu yake, tunapigia pasi za makaa yake. Lakini nyumba tulizokulia zina uwazi kati ya ukuta na paa, madirisha ya wavu na milango isiyoziba chini. Upepo huingia upendavyo. Nyumba ya ghorofa ya Texas, iliyojengwa ili ubaridi wa kiyoyozi usitoke nje, imezibwa kila mahali. Jiko lilikuwa lilelile ila nyumba ikawa nyingine. Kama vile nyumba zao hazikujengwa kwa baridi ile, na mazoea yetu hayakujengwa kwa nyumba zile.

Liko na kosa jingine tunalolirithishana. Tunadhani kinachoua ni moshi. Kwa hiyo tunaliwasha jiko uani, tunapepea, tunangoja mpaka moshi ukatike na makaa yawe mekundu, kisha tunaliingiza ndani kwa utulivu wa moyo. Kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi kwa wingi, na hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Inapoingia mapafuni huishika damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na damu ikishashikwa haina tena nafasi ya kubeba pumzi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na usingizi. Mtu aliyetoka kazini usiku wa baridi, mwenye njaa na mawazo, atashangaa nini akiumwa kichwa na kusinzia? Dalili ya kutilia shaka ni hii: watu wote wa nyumba moja kuumwa pamoja, na kupata nafuu wakitoka nje.

Jenereta hutoa hewa hiyohiyo, nayo gari likiachwa linanguruma ndani ya banda lake, hata mlango ukiwa wazi. Huko Houston mama na mtoto walifariki kwa gari lililowashwa bandani ili kupata joto. Katika siku zile chache zaidi ya watu elfu moja wa Texas walitafuta matibabu kwa sumu hii, na mzigo mkubwa uliwaangukia watu wa rangi na wahamiaji. Wala halikuwa jambo jipya. Desemba 2006 tufani ilipokata umeme katika mji wa Seattle na viunga vyake, wengi wa waliodhurika na mkaa ndani ya nyumba walikuwa wahamiaji, wakiwamo ndugu zetu Wasomali. Gazeti la Seattle Times lilichapa onyo katika ukurasa wake wa mbele kwa lugha sita, Kisomali ikiwamo. Leo Houston na Dallas kuna Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wengi wasemao Kiswahili. Onyo la Kiswahili tuliandike sisi, maana mama ya mtu anaposema husikilizwa kuliko tangazo la manispaa.

Basi mwambieni mtoto wenu mambo haya kabla hajafika, na mumrudie kila Novemba. Akodishapo nyumba, anunue kengele ndogo ya kaboni monoksidi inayotumia betri. Utabiri ukitoa habari ya baridi kali, ajaze maji ndoo na beseni la kuogea, achaji simu, aweke chakula kisichohitaji kupikwa, na aulize mapema valvu kuu ya maji ya nyumba iko wapi. Mabomba yaliyo wazi ayafunge kwa matambara, mabomba yaachiwe yatiririke uzi mwembamba, na milango ya kabati chini ya sinki ifunguliwe ili joto la nyumba liyafikie. Umeme ukikatika, familia yote ikae chumba kimoja, mablanketi yawekwe kwenye madirisha, nguo zivaliwe tabaka juu ya tabaka, kofia kichwani na soksi kavu miguuni. Anayelowa abadilishwe nguo mara moja. Barabara ikiwa na barafu, asiendeshe. Kazi itamngoja.

Amjue pia mtu ambaye baridi imeanza kumshinda. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 mtu hutetemeka kwa nguvu, kisha maneno humkwama, vidole havimtii, akili humpotea. Kutetemeka kukikoma ilhali bado baridi, hiyo si nafuu, ni hatari. Wako ambao hufikia hadi kuvua nguo wakidai wanaona joto. Apashwe kifua na shingo kwanza, apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa yu macho, na aitiwe msaada. Wazee na watoto wachanga hawatetemeki sana, kwa hiyo wasisubiriwe mpaka watetemeke.

Na asione haya kuhama. Katika siku zile Houston mfanyabiashara mmoja mashuhuri wa fanicha, Jim McIngvale, alifungua maduka yake watu wakalala juu ya makochi mapya ya kuuzia. Misikiti kadhaa nayo ilifungua milango kwa yeyote aliyekuja, awe Mwislamu au la. Kijana wetu alikuwa na msikiti mwendo wa dakika kumi na tano. Hakwenda kwa sababu hakutaka kuwasumbua.

Sasa niwarudie walioko hapa nchini, maana nisingeandika yote haya kwa ajili ya Texas peke yake. Kila mwaka tunawapeleka watoto wa Tanga, Pangani na Muheza katika shule na vyuo vya Njombe, Makete, Mufindi na Lushoto. Wanaondoka na sanduku, godoro na blanketi moja jepesi la pwani. Juni mpaka Agosti huko asubuhi nyasi hugeuka nyeupe kwa jalidi katika baadhi ya maeneo. Mtoto aliyepanga chumba na wenzake watatu atafanya nini? Atanunua mkaa. Habari za watu waliolala na jiko na wasiamke si ngeni katika mikoa ile, na wenyeji wanazijua. Wageni ndio wasiozijua, na wageni ni watoto wetu. Kamati yetu imeamua kuwa mwaka huu kila mzazi atakayepitishia barua ya ada kwetu tutamuuliza kwanza mtoto ana mablanketi mangapi. Asiye nayo asione haya kusema. Waumini wawili wamekwisha kuleta mazito kumi na manne.

Yako maneno ambayo mama yule hakuyasema siku ile, nikayakumbuka mwenyewe usiku. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wakiwamo. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari, akasema kuwa moto ni adui yetu na akaamrisha uzimwe wakati wa kulala. Hadithi hii ni fupi, na tunaifundisha madrasa katika mlango wa adabu za kulala, pamoja na kufunika vyombo na kufunga milango. Kijana yule niliisomesha mimi, naye aliihifadhi vizuri akapata zawadi ya daftari. Sote wawili tuliijua, na sote wawili tuliifahamu kuwa inahusu nyumba kuungua.

Mzee wangu wa juzi alisikiliza yote haya huku amekunja uso. Aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, kama baridi ile yaweza kurudi. Nikamwambia Januari 2025 theluji nzito ilianguka Houston, ikafika New Orleans hadi pwani ya Florida, mahali ambapo watoto wengi walikuwa hawajaiona maishani mwao. Safari hiyo gridi ya Texas ilistahimili. La pili, hiyo kengele ya hewa ya sumu bei gani. Nikasema dola ishirini au thelathini hivi. Akapiga hesabu kwa vidole, akanyamaza kidogo, akaingiza mkono katika mfuko wa kanzu na kutoa noti zilizokunjwa.

"Hizi zilikuwa za koti," akasema. "Andika humo kwenye barua, Ustadh, kwamba baba yako amesema kengele kwanza. Koti utalinunua kwa mshahara wako."

Nikageuza karatasi, nikaandika nyuma yake kwa herufi kubwa.

Juma lijalo, inshaAllah, tutarejea kwenye maswali ya mirathi yaliyokwishatufikia. Wenye maswali mapya wayalete ofisini kabla ya Jumatano.